Jiwe Katika Sarafu ya Doornvlei

Wewe hapo, usigeuze ukurasa.

Wiki iliyopita ulisoma mpaka pale Puleng Sekhonyana alipofungua kasha la plastiki, akaitoa ile sarafu kwa vidole vitupu na kuiinua mbele ya ukumbi mzima. Kisha ukafanya nini? Ukakunja gazeti ukafungia samaki. Ukasema, "Masikini, hadithi tu," ukaenda kulala. Wenzako walifanya hivyohivyo kwa miaka tisa. Wanaume ishirini na sita walibaki chini ya ardhi, katika mgodi wa Doornvlei ulioporomoka, na kila mwenye macho akayapeleka pembeni, kama mtu aliyepishana njiani na anayemdai.

Leo hugeuki. Kaa hapohapo utazame.

Puleng aliinamisha uso mpaka midomo yake ikakaribia sarafu. Akaisemesha kwa sauti ya kawaida, kama mke anayemwita mumewe kutoka uani.

"Teboho. Ni mimi. Nimekuja kukuchukua. Twende nyumbani kwa mama."

Ukumbi ukalipuka.

Usidhani walilia, wala usidhani hata mmoja aliuliza Teboho ni nani. Chama cha wakusanyaji wa sarafu cha Bloemfontein hakikukutana Jumamosi ile kulilia mtu.

"Anaitemea mate!" bibi mmoja wa mstari wa mbele alipiga yowe.

"Vidole! Tazameni vidole vyake!"

"Mama, usisemee juu ya sarafu! Kwa jina la Mungu, usisemee juu ya sarafu!"

Hiyo ndiyo dhambi kuu ya watu hawa. Sarafu zao hazijawahi kununua hata kiberiti. Huchapwa ziwe za kutazamwa tu, uso unang'aa kama kioo, picha imetulia juu yake kama barafu. Ukisema juu yake, chembe ya mate isiyoonekana itaangukia kioo kile, na baada ya miezi itakuwa doa jeusi. Kwa hiyo huvaa glavu nyeupe na kugeuza uso pembeni wanapoongea, kama mabwana harusi wenye haya. Tajiri mmoja wa Kimberley aliwahi kuzuia chafya mpaka akatokwa damu puani. Walimpigia makofi.

Na sarafu zenyewe! Nyingine ina umbo la gitaa. Nyingine inanukia kahawa ukiisugua. Nyingine imebandikwa kipande cha jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Zina jina la kisiwa fulani cha mbali, ambako wenyeji wananunua samaki kwa noti chakavu na hawana habari kwamba kuna fedha yenye jina lao na picha ya dinosaria.

Hii aliyoishika Puleng ilikuwa nyeusi, yenye taa ya mchimbaji iliyotiwa rangi nyekundu. Katikati ya taa, pale palipopaswa kuwa mwali, walikuwa wamepachika punje ya jiwe. Jiwe la Doornvlei. Kumbukumbu ya mashujaa wetu, waliandika. Waliandika hivyo bila kumwandikia mjane hata mmoja kumwomba ruhusa.

"Mtoeni nje!" aliamuru Gerrit Oosthuyse, mwenye kampuni ya Korhaan iliyoitoa sarafu ile. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa shingo, mwenye viatu vya ngozi vilivyong'aa kuliko bidhaa zake. "Ameharibu kitu cha thamani!"

"Kitu changu," Puleng alimjibu. "Nimekinunua kwako mwenyewe, Gerrit. Nikitaka nitakishonea kama kifungo cha gauni."

Nyuma kulitokea kicheko. Mlinzi aliyekuwa akija akasimama, hajui amtii nani.

Mwenyekiti alikuwa Lionel Abrahamse, daktari wa meno mstaafu aliyekuwa bado anashika kibano kana kwamba jino linamngoja. Alisimama taratibu.

"Dada Puleng, wewe ni mwanachama wa siku nyingi. Kanuni unazijua."

"Nazijua, Daktari. Aliyenifundisha ni Teboho. Alikuwa akichimba usiku kucha, halafu mwisho wa mwezi anakuja hapa kununua kipande cha alichokichimba, kimeng'arishwa, kimetiwa kwenye mahameli. Mlimpenda sana. Mlikuwa mkimwita mchimbaji wetu."

"Tunamkumbuka," Abrahamse alisema.

"Mnamkumbuka? Basi mbona hakuna aliyeshtuka nilipotaja jina lake?"

Abrahamse akatazama kibano chake.

Kando ya ukuta, Seabata Lephoto alirudisha kwenye sahani yake gwinya, andazi la mafuta alilokuwa akila. Huyu ni yule mtu wa chama cha wafanyakazi, mkuu wa kamati ya wajane, aliyemleta Puleng kwa gari lake asubuhi ile kutoka Klipdraai, kule kwenye mgodi. "Puleng, dada yangu, inatosha," alisema kwa upole. "Umeshasema yako. Turudi nyumbani."

"Bado, kaka Seabata. Sijaanza."

Puleng aliwatazama wale watu wa glavu. Alikuwa amekaa nao miaka mingi, akajua wanachojali na wasichojali. Waite wezi, watacheka. Waambie wamekanyaga makaburi, watakupa kiti na chai. Kuna neno moja tu linaloweza kuwatoa damu, naye akalitoa.

"Jiwe hili ni la uongo."

Hata feni ilionekana kusita.

"Unasemaje?" aliuliza mtu mnene aliyekuwa na makasha kadhaa ya Doornvlei mbele yake.

"Nasema ni kokoto ya barabarani. Mmeuziwa kokoto."

"Gerrit!" yule mnene akaruka. "Gerrit, anasema nini huyu?"

"Mwongo huyo!"

"Basi jibu!"

"Meza!" mtu akapaza sauti. "Akae mezani!"

"Meza! Meza!"

Katika chama hiki kuna desturi kongwe. Muuzaji akileta sarafu iliyopachikwa kitu, iwe ni jino la mnyama wa kale au kibanzi cha meli iliyozama, yeyote mwenye shaka anaweza kumwita mezani. Muuzaji huvua glavu, huweka mikono juu ya kitambaa cheusi, na kujibu maswali matatu: kitu kimetoka wapi, kimechukuliwa na mkono wa nani, na nani aliona. Jibu la mezani ni kiapo. Anayekataa kukaa hauzi tena, kuanzia Cape Town mpaka Harare.

Oosthuyse alicheka. Akavua glavu kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kula. Akakaa, Puleng akakaa mbele yake.

"Swali la kwanza," alisema Puleng. "Jiwe limetoka wapi?"

"Doornvlei. Njia ya sita, ile ya chini kabisa. Palepale penyewe."

"Kampuni ya mgodi iliapa mbele ya jaji kwamba njia ya sita imejaa maji mpaka darini. Wewe ni kambare?"

Kicheko kikapita ukumbini. Shingo ya Oosthuyse ikazidi kuiva.

Sasa uone mtego. Akisema jiwe ni kokoto, hawa watu watamla mzima mzima. Akisema ni la kweli, basi mgodini kunaingilika, na miaka tisa ya viapo ni uongo mtupu. Mwenye akili angeomba maji ya kunywa. Lakini mtu aliyezoea kupigiwa makofi hawezi kukaa mbele ya watu bila kuyatafuta.

"Hakuna maji," alisema. "Hakuna hata tone. Ni pakavu kama sakafu hii. Wenye mgodi walinifungulia shimo la hewa, nikashuka kwa kamba na ngazi, nikatembea kule chini kwa miguu yangu miwili. Nani hapa anaweza kusema hivyo?"

Wakapiga makofi!

Nakwambia walipiga makofi. Walipeana mikono. Yule mnene alibusu kasha lake. "Ni la kweli! Njia ya sita yenyewe!" Kwamba wajane ishirini na sita walikuwa wamedanganywa, hilo halikumpunguzia mtu hata utamu wa chai. Walichosikia ni kwamba mali yao ni halali.

Puleng alingoja makofi yaishe.

Kila mwaka familia ziliomba kushuka. Hawakuomba hata kuwatoa watu wao. Waliomba kusimama tu mahali walipofia, wawaite kwa majina, wawaambie njia ya kurudi nyumbani, kama wazee walivyofundisha. Kila mwaka waliambiwa: maji, maji, maji. Kule Lesotho, katika mji wa Mohale's Hoek, mama yake Teboho hajavua nguo nyeusi mpaka leo. Wakwe wamembembeleza, kasisi amembembeleza. Anawajibu, "Nitazivua siku mwanangu atakapolala kando ya zizi la baba yake." Kifua chake sasa kinakoroma kama birika. Ndiyo maana Puleng alikuwa na haraka. Alitaka mifupa ya Teboho ifike kabla mama yule hajakata roho.

"Swali la pili," alisema. "Mkono wa nani?"

"Wangu huu."

"Ulilipasua ukutani mwa mgodi?"

"Hapana, sikuhitaji kupasua." Oosthuyse alikuwa ameshaonja makofi, sasa aliwageukia watu wake kama mwenye kusimulia safari ya kuwinda. "Yalikuwa yamepangwa tayari. Kuna njia ndogo ya pembeni, mdomo wake umezibwa kwa mawe, moja juu ya jingine, vizuri kabisa. Nikayaokota ya juu."

"Yamepangwa," alisema Puleng.

"Yamepangwa."

"Na katikati ya mawe, kwenye nyufa. Kulikuwa na nguo?"

Oosthuyse alishangaa. "Umejuaje? Ndiyo. Mashati, soksi, matambara. Niliyatupa. Yalikuwa yanachafua jiwe."

Puleng alishika ukingo wa meza.

Mke yeyote wa mchimbaji analijua hili, maana mume humweleza usiku ule anaposhindwa kulala. Njia ikiporomoka na moshi ukaanza kuja, mnaingia pembeni, mnapanga mawe, mnavua mashati mnaziba nyufa, mnabana pumzi mnangoja. Mnangoja wenzenu waje.

Maiti haipangi mawe.

"Walifariki papo hapo, hawakujua hata kilichowapiga." Unayakumbuka maneno hayo? Mimi nayakumbuka. Msemaji wa kampuni aliyasema akiwa ameshika kofia kifuani. Yakachapwa gazetini, yakasomwa kanisani, wajane wakayalalia kama mto miaka tisa. Mama wa Mohale's Hoek huyarudia kila usiku baada ya sala: hakuumia mwanangu, hakujua hata kilichompiga.

"Na nyuma ya ukuta ule?" Puleng aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka watu wa nyuma wakainuka kidogo vitini.

"Sikubomoa wote. Nilikuwa nahitaji mawe, sikuwa nahitaji..."

"Sema. Hukuwa unahitaji nini?"

 Sasa ndipo Oosthuyse alipoanza kuonja alichokitema.

"Swali la tatu!" yule mnene alihimiza. "Shahidi! Bila shahidi haina maana!"

"Shahidi, Gerrit! Mtaje!"

Wenyewe ndio waliomsukuma, kwa sababu bila shahidi sarafu zao zingebaki nusu ya kweli.

"Nani aliona?" aliuliza Puleng.

Oosthuyse alitazama mlango, akatazama kitambaa cheusi, kisha kidole chake kikaelekea ukutani.

"Muulizeni huyo mwenye sahani. Yeye ndiye aliyenishikia taa."

Watu wote wakageuka. Aliyekuwa na sahani ni mmoja tu.

Seabata Lephoto.

Ndiye aliyesimama juu ya majeneza matupu ishirini na sita na kusema, "Tumewapumzisha." Kila Krismasi alikuwa akiwapelekea wajane unga na mafuta, akapiga picha nao. Asubuhi ile ile, ndani ya gari, alimwambia Puleng, "Usijichoshe dada yangu, mgodi umejaa maji."

"Kaka Seabata?" Puleng alimwita kana kwamba anamwita mtu mwingine.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Jeneza la ngapi?"

"Nisikilize kwanza. Wenye mgodi walinihakikishia nikinyamaza watawatunza wajane. Na wamewatunza! Unga umekuja, haujaja? Nani aliyeupigania?"

"Uliuona ukuta?"

Lephoto akaitazama sahani yake.

"Seabata, nakuuliza. Uliuona ukuta?"

"Niliuona."

"Wewe umechimba miaka kumi na minane. Ulijua ni ukuta wa nini."

"Nilijua." Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola. "Lakini walikwisha kufa, Puleng! Sasa ningewafaa nini? Kufa ni kufa."

"Hapana. Usinifundishe kufa." Puleng alisimama. "Anayekufa hajui na anayekufa akipanga mawe hawafi kifo kimoja. Walikuwa wanatusikiliza, Seabata. Walikuwa wanasikiliza kama kuna anayechimba upande wa pili. Na sisi tulikuwa juu, wewe ukigawa viti vya matanga."

Bibi wa mstari wa mbele alitoa leso. Nilitaka kumsifu, lakini alifutia lenzi yake.

"Kuna jingine," Lephoto alisema, macho chini. "Bora nikwambie lote. Jumatatu wanaliziba shimo la hewa. Wanalijaza zege mpaka juu. Likishajazwa hakuna atakayeshuka tena, hata kwa amri ya jaji."

Jumatatu. Na siku ile ilikuwa Jumamosi.

Puleng aliwageukia wakusanyaji.

"Nyote mmesikia. Jibu la mezani ni kiapo, hiyo ni desturi yenu, si yangu. Amesema ni pakavu. Amesema panaingilika. Amesema kuna ukuta na nyuma yake hakujaguswa. Nataka watu wa kuja nami kwa hakimu, kisha tusimame langoni Doornvlei, waseme walichosikia kwa masikio yao. Basi. Siombi mchango. Nani anakuja?"

Hapo Gerrit Oosthuyse akapata tena ulimi wake. Mfanyabiashara ni kama paka, mtupe utakavyo, ataangukia miguu.

"Mabibi na mabwana, kabla hamjajibu, fikirini kidogo," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama ile mahameli. "Mgodi ukifunguliwa kitatokea nini? Wataingia polisi, wapiga picha, kila mtu na mfuko wake. Mawe ya Doornvlei yatatoka kwa malori. Kila mpita njia atakuwa nalo juu ya dirisha la choo. Mimi niliwauzia jiwe la mahali ambapo hakuna binadamu atakayefika tena. Thamani yake iko hapo. Zege likishaingia Jumatatu, mlicho nacho mikononi hakitapatikana tena duniani. Sasa, anayetaka kwenda langoni na aende."

Umewahi kuona watu wakigeuka kuwa samani? Mimi nimewahi. Yule mnene alivaa glavu zake. Akafunga kasha la kwanza, akafunga la pili, polepole, kama mwenye nyumba anayefunika chungu mgeni akibisha hodi.

"Ni jambo la kusikitisha sana," alisema bibi wa lenzi. "Lakini sisi ni chama cha sarafu."

"Siasa hatuchanganyi hapa," mwingine akadakia.

"Kuna vyombo husika."

"Familia zina wawakilishi wao, sivyo? Si huyo hapo Bwana Lephoto?"

Siasa! Jiwe lililokuwa limeziba moshi usiwafikie watu ishirini na sita, ukilitia kwenye kioo ni sanaa. Mke wa mmoja wao akiuliza lilikotoka, ni siasa. Watu hawa wanaweza kukuonyesha kwa lenzi mkwaruzo mwembamba kuliko unywele, lakini mwanamke aliyesimama mbele yao mzima mzima hawakumwona.

"Hakuna?" Puleng aliuliza. "Hata mmoja?"

Kiti kilisogea mbele. Lionel Abrahamse alikuwa akivua glavu. Mikono ya mzee yule ilikuwa na mabaka.

"Nimesikia maneno ya mezani," alisema. "Mwenyekiti wa meza ni mimi. Nitakwenda kusema nilichosikia."

"Lionel, usiwe mjinga!" yule mnene alimkemea. "Una nne za Doornvlei nyumbani kwako!"

"Ninazo."

"Zitakuwa takataka!"

"Zimekuwa takataka tangu dakika tano zilizopita, Hendrik. Wewe hukusikia habari ya soksi?"

Alichukua fimbo yake. Hakusema zaidi, na hakuna aliyemfuata. Usimfanye malaika kwa hilo. Alifanya lililompasa mtu, na katika ukumbi uliojaa watu alibaki mwenyewe.

Walipokuwa wakielekea mlangoni, Puleng alisikia sauti dirishani. Oosthuyse alikuwa amewapa mgongo, simu sikioni, akiongea Kiafrikaana kwa haraka, kana kwamba kuna mtu Bloemfontein nzima asiyekijua.

"Hapana, msingoje Jumatatu. Wanajua. Toa malori sasa. Ndiyo, leo, sasa hivi! Mwageni yote."

Puleng alimshika mzee Abrahamse mkono, akamvuta nje.

Jua lilikuwa kali kwenye uwanja wa kanisa lililowakodisha ukumbi ule. Mzee alikuwa ameacha kuendesha gari tangu macho yake yalipoingia ukungu. Puleng hana gari. Kutoka hapo mpaka Klipdraai ni mwendo wa saa moja na zaidi, lakini malori ya zege hulala palepale Klipdraai, upande wa pili wa reli, hatua chache tu kutoka lango la Doornvlei. Na gari lililokuwa karibu, lenye mafuta, lililoelekezwa barabarani, lilikuwa moja.

Seabata Lephoto alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Alikuwa ametoka kimyakimya kwa mlango wa jikoni. Ufunguo ulikuwa mkononi, haujaingia mahali pake.

Puleng alifungua mlango akaingia mbele. Mzee akajipakia nyuma pamoja na fimbo yake.

"Malori yanatoka sasa, lakini shimo refu vile halijai kwa lori moja," alisema Puleng. "Washa gari."

"Nikienda kule nimekwisha." Lephoto alikuwa akiutazama ufunguo kama mtu asiyejua ni kitu gani. "Watanitaja mimi kwanza, Puleng. Kampuni itanitupia mimi kila kitu. Wajane watanipiga mawe."

"Ndiyo. Huenda wakakupiga."

"Nina watoto."

"Teboho alikuwa nao. Washa gari, Seabata."

"Unipe dakika nifikiri."

"Miaka tisa hukufikiri?"

"Dakika moja tu..."

"Washa gari!"

Hakuwasha. Na kule Klipdraai, kando ya reli, injini ya lori la kwanza ilikuwa imeshanguruma, pipa lake limeanza kuzunguka, na dereva anamuuliza mwenzake njia ya kwenda kwenye shimo la hewa.

Sasa unamtukana Lephoto. Nakusikia unavyomtukana. Lakini wewe umekaa kwenye usukani gani? Kwenu pia kuna chimbo lililofukiwa na vijana ndani, mtu wa suti akaja akasema wote wamekufa papo hapo, msichimbe, ni hatari. Au ni ghorofa lililoanguka likasawazishwa kwa tingatinga kabla ya watu kuhesabiwa. Unajua lilipo, maana unapita hapo kila siku. Mjane wa mmoja wao unamjua, unanunua nyanya kwake na hujawahi kumuuliza. Usiniambie unangoja wenye vyombo husika. Usiniambie unangoja uone Lephoto atafanya nini. Weka gazeti hili chini sasa hivi. Nenda kwa yule mama, umuulize mtu wake anaitwa nani, umuulize nani alimwambia amekufaje na alijuaje. Kisha mshike mkono, mchukue na jirani yako mmoja, mkaligonge lango la hao waliomwambia. Leo. Zege likikauka hakuna wa kulibomoa. Inuka.